Magunzi Yaliyooshwa Mara Mbili

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nimefika, nimekula, na nguo zote ulizonipigia pasi zimekunjamana njiani, unisamehe. Naandika kwa sababu simu huipendi, unasema inamla mtu maneno, na Chiriku wangu, ambaye nyumbani hanyamazi hata mdomo ukiwa umejaa chakula, akishikishwa simu anakuwa bubu. Basi msomee barua hii, ila mambo ya wakubwa uyaruke.

Mguu wako je? Umepungua kuvimba, au bado unasimama kwenye karai la kufulia kutwa nzima kama vile shuka za nyumba ya wageni zitakimbia? Na majirani wa ukutani, bado wanagombana kwa kunong'ona?

Mimi nimepewa chumba kimoja nyuma ya stoo ya kampuni. Kina kitanda, ndoo mbili, dirisha linalotazama ukuta, na mlango ambao lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kufungwa. Mtu mmoja kinamtosha. Wawili hawaruhusiwi, hata yule wa pili akiwa na miaka sita.

Sasa kazi. Ulipowatangazia wageni wako kwamba nimeajiriwa kupika umeme, hukukosea sana. Mtambo wetu unachoma magunzi ya mahindi na vipande vya matawi, lakini unanyimwa hewa makusudi, upate kidogo tu, mpaka vile vitu badala ya kuwaka moto vinatoa gesi. Gesi inapozwa, inachujwa, inaendesha injini, na injini inawasha hospitali, pampu ya maji na mitaa michache. Mimi ni msimamizi wa uwanja. Hakuna kitu kinachoingia mdomoni mwa mtambo bila kupita mikononi mwangu. Vipande vikiwa vikubwa vinashikana mabega pale mdomoni, havishuki, na moto chini unabaki na njaa. Vikiwa vumbi tupu, hewa haipiti. Vikiwa vibichi, gesi inakuja na lami nyeusi inayoziba kila kitu. Wenzangu mtambo wanauita Mama Mkwe: hasemi anachotaka, ananuna tu, na ukimwandalia vibaya mji mzima unajua.

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Julai. Nikithibitishwa napewa nyumba ya vyumba viwili na jiko lake, na Chiriku anakuja kuanza darasa la kwanza huku Septemba. Nisipothibitishwa, begi langu unalijua na mlango wako naujua. Lakini sitaki kurudi, Shangazi. Nataka kukaa na mwanangu chini ya paa langu.

Niambie kweli: ananiulizia?

Mwanao

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili kwa sababu hii imechelewa. Barua yako ilikaa mapokezi wiki nzima, imelaliwa na kitabu cha wageni. Mpokezi anasema hakuiona. Macho anayo, ila yana kazi moja tu, kutazama kioo.

Mguu umepungua. Majirani wamepatana, na sasa wanacheka kwa sauti kubwa mpaka natamani ule ugomvi wao. Kaka yako mkubwa alipita hapa, akala, akasifia chakula, akaondoka bila kusema alikuja kufanya nini, kwa hiyo najua atarudi. Juzi mgeni mmoja alilala na nywele zenye rangi mbichi, shuka langu jeupe likawa kama limechinjiwa kuku. Nimelifua kutwa. Limetakata, maana mimi sijashindwa na doa bado.

Chiriku hajambo. Ameng'oka jino la mbele na sasa maneno yake yanatoka na upepo. Amemfundisha paka wa jirani kukaa ndani ya ndoo. Anakula, analala, anabishana na mimi.

Nimecheka na huyo Mama Mkwe wako. Ila na wewe ujitunze, usiwe unamlisha mashine huku mwenyewe unashindia chai. Unamjua mtu wa namna hiyo, ulimwona kwenye kioo asubuhi.

Hilo la Septemba tusilikimbilie. Mtoto si furushi, kwamba unalifunga leo na kesho linasafiri. Ulikuwa umeuliza na mengine, nitayajibu siku nyingine, nina sufuria motoni.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa shuka. Nimewasimulia wenzangu habari ya yule mgeni, mmoja akasema mtu wa hivyo alazwe kwenye turubai.

Sufuria ile iwe imeiva sasa, maana swali langu bado liko palepale.

Mimi sijambo na nina habari njema, tena ni habari ya kwako. Tulikuwa na tatizo kubwa. Kila tulipofungua mtambo kusafisha, chini kwenye wavu tulikuta mawe meusi yanayong'aa kama vipande vya chupa, magumu, mengine makubwa kuliko ngumi. Yanaziba njia ya majivu na mtambo unasimama. Nikafuatilia. Ni mchanga! Akina mama wanaotuletea magunzi wanapukuchua mahindi chini, kwenye udongo, na gunzi limejaa vishimo vitupu, kwa hiyo kila moja linakuja na mchanga wake mfukoni. Ndani ya Mama Mkwe joto ni kali mno, mchanga na majivu vinayeyuka, na vikipoa vinakuwa mawe.

Nikajiuliza, Shangazi angefanyaje? Sikumaliza hata kujiuliza. Nimejenga mahodhi mawili ya saruji karibu na bomba, nimewapanga vijana wangu foleni, na tunaosha magunzi yote. Tunaloweka, tunasugua, tunaanika uwanjani. Ungeona maji yanavyotoka mekundu! Ungeona uwanja unavyopendeza, magunzi yametandazwa meupe mpaka kwenye uzio. Fundi wa injini, mwanamume mnene wa maneno machache tunayemwita Fundi Spana, alipita, akasimama, akasema hata yeye hajawahi kuoga hivyo.

Meneja amefurahi. Mimi nimefurahi zaidi, kwa sababu ulipokuwa unanirudisha karaini kusugua upya soksi ambazo mimi niliona zimetakata, nilidhani unanionea. Kumbe ulikuwa unanipa kazi.

Mwambie Chiriku mama yake anafua magunzi.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba! Marahaba tena! Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea mpokezi, mpishi, na mgeni mmoja aliyekuwa anasubiri chumba chake na hakuwa na pa kukimbilia. Mtoto niliyemlea mimi anafua magunzi na mji unapata umeme. Marehemu baba yako alikuwa akiniambia nitamchubua mtoto vidole kwa sabuni. Angekuwepo leo ningemcheka mpaka aombe radhi.

Ila nina neno la kitaalamu. Umesema mnaloweka na kusugua. Kusuuza je? Maji ya kwanza yanatoa uchafu na kuurudisha palepale. Suuza mara mbili. Usiwasikilize hao vijana wakilalamika mikono, mikono itazoea.

Mguu mzima kabisa. Chiriku naye ameanza kufua nguo za mwanasesere wake, kila siku, mpaka mwanasesere hana tena nguo kavu. Amesema akiwa mkubwa ataosha magunzi. Nimemwambia aanze na shingo yake.

Nakuombea dua kila siku, na Mama Mkwe wako nimemtia humo humo.

Shangazi yako

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Naanza mimi kusalimu, jambo ambalo si la heshima kwako wala kwangu.

Wiki zimepita sijapata hata mstari. Nimemhoji mpokezi mpaka akageuza droo zote juu ya meza. Barua yako haipo. Kaka yako anasema alikupigia ukasema una kazi nyingi, na kwamba sauti yako ilikuwa ndogo. Sauti yako haijawahi kuwa ndogo.

Hapa wote wazima. Majirani wamerudi kunong'ona. Chiriku ameota nusu ya jino jipya.

Shule ya hapa jirani imeanza kuandikisha darasa la kwanza, na mwalimu mkuu anasema nafasi zinajaa upesi. Sitaki kufanya jambo nyuma ya mgongo wako. Nimwandikishe hapa, au nisimwandikishe? Nijibu hilo moja tu, mengine acha.

Shangazi yako

8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niko salama. Nisamehe kwa kimya, kazi zimekuwa nyingi, lakini niko salama.

Nimefurahi kusikia mguu umepona. Wasalimie wote.

Kuhusu shule, mwandikishe hapo tu. Ndiyo vizuri. Huku mambo hayajakaa sawa na sitaki mtoto apoteze mwaka. Usihangaike juu yangu, niko salama.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekulea, kwa hiyo najua hesabu yako. Ukisema mara moja uko salama, uko salama. Ukisema mara tatu kwenye ukurasa mmoja, kuna kitu kimevunjika na wewe umesimama mbele yake umekificha kwa sketi, kama ulivyofanya na birika langu.

Barua yako haina utani hata mmoja. Haina Mama Mkwe. Nimeigeuza nyuma kuangalia kama umeandika nyuma.

Sijamwandikisha mtoto. Na sasa nitakuambia kwa nini, ingawa sikutaka.

Nilipofika pale uliposema "mwandikishe hapo", nilifurahi. Nilifurahi kweli, moyo ukaruka kama nimeokota kitu njiani. Nikavaa kanga, nikamshika mkono Chiriku, tukatoka kwenda shuleni. Njiani akaniuliza, "Bibi, hii ndiyo shule ya kwa mama?" Nikasema hapana, hii ni ya hapa. Akasimama katikati ya njia. Hakulia. Akaniambia atasubiri ile nyingine. Nikamvuta, hakuvutika, na mimi sikuwa na nguvu ya kumvuta tena, kwa hiyo tukarudi.

Umeniuliza tangu Februari kama anakuulizia. Anakuulizia kila siku. Anauliza asubuhi nikimvalisha, anauliza nikianika shuka, amewauliza hata wageni kama wanatoka huko uliko. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ukisikia hivyo ungeacha kazi ukaja mbio. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nyumba hii bila sauti yake siijui itakuwaje, na nilitaka ile Septemba yako ijisahaulishe yenyewe. Nimeona aibu. Sasa nimesema, na wewe sema.

Kimevunjika nini?

Shangazi yako

6 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Atasubiri ile nyingine! Nimelia, nimenawa uso, nimekaa kuandika. Wala sina la kukusamehe, maana ungekuwa hutaki kumwachia ndipo ningeshangaa. Msalimie kaka, mwambie sauti imerudi.

Kilichovunjika ni injini.

Magunzi yetu masafi, Shangazi. Yale mawe ya kioo yalipungua kweli, karibu yaishe. Tukapongezana. Kisha, wiki moja baada ya barua yako ya kusuuza mara mbili (tulisuuza mara mbili, nakuhakikishia), gesi ikaanza kuja hafifu. Mwanga hospitalini ukawa unapepesa. Fundi Spana akafungua chujio akakuta limejaa lami, nyeusi, nzito, ya kunata. Akabadilisha. Likajaa tena. Halafu asubuhi moja injini ikakohoa na kunyamaza. Vali zake zilikuwa zimegandishwa na lami kama zimemwagiwa gundi. Hospitali iliwasha jenereta yake ya dizeli, hakuna mgonjwa aliyedhurika, namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya yote. Lakini mitaa ilikaa giza, pampu ilisimama, watu wakarudi kubeba maji kwa ndoo na kila aliyenipita na ndoo nilijua amebeba kosa langu kichwani.

Wote walisema ni injini mbovu. Mimi nilienda uwanjani, nikachukua gunzi kutoka katikati ya rundo, gunzi safi, jepesi kwa kuangalia, kavu ukilipapasa, nikalivunja. Ndani kuna ule moyo mweupe laini. Nikauminya kwa kidole gumba ukatoa maji.

Nilikuwa nimelewa usafi. Gunzi ni sifongo, Shangazi. Shuka ukiliosha maji yanakaa juu ya uzi, jua linayachukua na upepo unamalizia. Gunzi linayanywa mpaka moyoni kisha ganda linakauka na kukudanganya. Na mimi nilipima! Kila asubuhi nilichukua magunzi machache, nikayapima, nikayakausha kwenye oveni ndogo, nikayapima tena, na kilichopungua ndicho maji. Majibu yalikuwa mazuri siku zote. Ila nilikuwa nachukua yale ya juu, yaliyolala juani, mazuri mazuri, kama anayechagua embe sokoni. Yale ya chini ndiyo yaliyoliwa na Mama Mkwe. Moto ukitumia nguvu yake kukausha maji, joto linashuka, na lami ambayo ingeungua humo ndani inapita salama mpaka kwenye injini.

Nilikwenda kwa meneja nikamwambia mwenyewe. Angefoka ningepona. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniomba nimpe sababu moja ya kutonirudisha nyumbani. Nikamwomba mwezi mmoja nimtafutie.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekuandikiaje kwamba kilichoniponza ni kitu cha kwanza ulichonifundisha, kitu ambacho umewasomea mpaka wageni? Nikaona heri nikae kimya.

Basi sasa sikiliza tunavyofanya. Mahodhi nimeyafunika mbao. Akina mama wanaotuletea magunzi nimewagawia maturubai wapukuchulie juu yake, ili mchanga usiingie kabisa. Yanayofika tunayarusha kwenye meza ya waya, tunayatikisa na kuyagongagonga makavu makavu, mchanga na vumbi vinaanguka chini. Kisha yanapanda kwenye vichanja chini ya paa, upepo upite juu na chini yake, na yanageuzwa kila siku. Matawi tunayakata vipande vya urefu wa vidole viwili, makubwa yanarudi kwenye panga, madogo mno yanachekechwa na kutolewa. Na kabla rundo halijakwenda mdomoni nazamisha mkono mpaka kwapani, natoa gunzi la katikati na la chini kabisa, navunja. Likikatika kwa mlio nalipima. Likipinda linarudi kichanjani, hata kama Mama Mkwe anapiga kelele za njaa.

Fundi Spana alikaa wiki tatu akiichokonoa ile injini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, bila kunitupia neno. Injini imewaka tena na sasa imeanza mwezi wake wa majaribio. Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu wataifungua. Wakikuta lami, narudi kwako na begi langu, na wewe utamwambia Chiriku, mimi sitaweza. Wakikuta safi, nabaki.

Niombee, lakini usiniombee usafi tu. Niombee na ukavu.

Mwanao

17 Julai

Mwanangu,

Nimesoma. Kwanza nilicheka mpaka Chiriku akaniletea maji, halafu machozi yakatoka na hayo maji sikuyanywa.

Suuza mara mbili! Nani aliniuliza? Maisha yangu yote sijaonana na gunzi ila la kuwashia moto, nikaanza kutoa maneno ya kitaalamu. Mwambie huyo meneja nusu ya kosa ni yangu. Akitaka kufukuza, aje anifukuze mimi huku, nitampa na shuka za kwenda nazo.

Sikiliza nikuambie. Sikukufundisha kuosha. Nilikufundisha kwamba kitu kikirudi kibaya unakirudia. Wewe umerudia. Mtu aliyekwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema "ni mimi" huyo sina wasiwasi naye, awe na kazi au asiwe nayo.

Wasiwasi ninao kidogo. Sawa, ninao mwingi. Niandikie siku ileile.

Shangazi yako

29 Julai

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo, na habari za nyumbani nitaziuliza mwisho, leo unisamehe.

Wamefungua asubuhi hii. Sikunywa hata chai. Tulisimama wote chini ya lile banda la mabati: meneja, vijana wangu wa uwanjani waliokuja bila kuitwa, na daktari wa hospitali ambaye alisema anapita tu. Fundi Spana alilegeza nati moja moja, pole pole, kama mtu anayekula samaki mwenye miba. Mimi nilikuwa namwangalia mgongo. Mgongo wake ni mpana na haukuniambia kitu.

Alitoa bomba la gesi. Akachungulia. Akaingiza kidole, akakizungusha humo ndani, akakitoa, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Akakitazama kitambaa. Akakigeuza upande wa pili. Shangazi, nilitamani kumpiga.

Kisha akanionyesha mimi, si meneja. Kilikuwa kijivu. Kijivu tu, kama umepangusa kabati.

"Vumbi la kawaida," akasema. Akawageukia wenzake. "Fungeni."

Nilikaa palepale chini, juu ya mfuko wa magunzi, nikacheka peke yangu kama mwehu, na vijana wakacheka kwa kuniona ninavyocheka. Meneja aliinama akanipa mkono nikiwa bado nimekaa. Alasiri aliniita ofisini. Nimethibitishwa. Nimethibitishwa, Shangazi! Nilipotoka nilipumua mpaka mbavu zikauma, nikagundua tangu Aprili nilikuwa napumua nusu nusu.

Nyumba nimeiona. Vyumba viwili, jiko dogo lenye dirisha, na ua wenye kamba ya kuanikia nguo. Mlango unafunga bila kuinuliwa. Shule iko ng'ambo ya barabara, nimeingia leo hii hii nikamwandikisha, mwalimu akaniuliza mtoto anaongea vizuri? Nikamwambia atajuta kuuliza.

Mlete mwanangu. Najua nakuomba nini. Nakuomba hata hivyo.

Na sasa: mguu haujambo? Majirani je?

Mwanao

14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, mama mwenye nyumba.

Barua yako safari hii mpokezi aliikimbiza mwenyewe mpaka uani, maana alikuwa anaisubiri kuliko mimi. Niliposoma lile neno "Fungeni" nilikaa juu ya shuka safi nilizokuwa nimezikunja, zote, na sikujali. Nikamwita Chiriku nikamwambia, mama yako kazi yake imekubali. Akaniuliza, "Na nyumba?" Nikasema na nyumba. "Na shule ya kwa mama?" Nikasema na shule. Akatoka nje akaanza kuaga watu. Ameaga mtaa mzima, wengine mara mbili, na safari yenyewe bado siku kumi.

Mguu mzima. Majirani hawana jipya. Kaka yako amekuja, na safari hii nimejua alichofuata: amesikia umepata vyumba viwili, anauliza kama cha pili kina nafasi ya mgeni. Nimemwambia nafasi hiyo ina mwenyewe.

Jana tulikwenda kukata tiketi. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa vizuri, nimeshajiambia njiani kwamba hapa ni suala la kununua tiketi tu, nimeshanunua nyingi. Tulipofika dirishani yule wa tiketi akauliza bila kuinua kichwa, "Wawili? Kwenda na kurudi?"

Nikafungua mdomo na maneno yakagoma. Mwanangu, sikuweza. Watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Yule mtu akainua kichwa, akarudia, "Mama, kwenda na kurudi?"

Chiriku akapanda juu ya begi langu, akashika ukingo wa dirisha, akamwambia kwa sauti ya kusikika kituo kizima, "Bibi ni kwenda na kurudi. Mimi ni kwenda. Mimi naenda kwa mama yangu." Halafu akanigeukia, akanitazama, akanishika sikio kama anavyofanya akitaka nisikilize vizuri, akamwongezea yule mtu, "Na likizo mtuuzie nyingine, nitakuja kumchukua Bibi."

Yule wa tiketi akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Nililia palepale dirishani, mbele za watu, bila haya, na nilikuwa na furaha, usije ukadhani vinginevyo.

Tunafika Jumamosi alasiri. Uje kituoni wewe mwenyewe, usitume mtu.

Shangazi yako